Safu ya Ra

Sijamsamehe, na sikusudii kumsamehe. Naliandika hilo mapema ili msomaji asikae akisubiri.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha waandishi wa Kiswahili. Tulikutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, Hodge Hill, Birmingham. Yeye mtu wa Mombasa, mwenye sauti ya asali. Mimi kwetu Nyeri, na lugha niliyonyonya haina l. Siku niliposoma sura ya kwanza ya riwaya yangu, nilifika kwenye maneno niliyoyaandika sawasawa kabisa, "mahali pangu pa kulala," nikayatamka kama mama angeyatamka.

"Mahari?" mwenyekiti akanikatiza. "Binti, umeposwa lini? Wameleta mbuzi wangapi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mtu wa nyuma akaongeza, "Na hao mbuzi watarara wapi?" Wakaanza upya. Nami nikacheka nao, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kuanzia hapo mwenyekiti akaamua kazi zangu zisomwe na dada mmoja wa Tanga, "ili wasikilizaji wasiteseke." Miezi minane nilikaa pembeni nikisikia sentensi zangu katika kinywa cha mtu mwingine, safi, zimeogeshwa, zimevalishwa nguo za kuazima.

Nikaanza kutafuta lugha ambayo ndani yake hakuna ambaye angejua nimetoka wapi. Kila Jumanne, nikishamaliza zamu kwa wazee ninaowahudumia Perry Barr, nilipanda treni mbili hadi Longbridge kusoma Kijapani. Mwalimu wetu alikuwa bibi wa Kijapani, mfupi, mpole, aliyeishi Birmingham tangu ujana wake. Alitueleza kwamba Kijapani huandikwa kwa herufi za namna tatu, zote katika sentensi moja. Kanji zilitoka China, na kila moja hubeba maana yake mgongoni. Hiragana ni laini, za kujipinda, nazo ndizo zinazoshona maneno pamoja. Katakana zina kona kali, na kazi yake kubwa ni maneno ya wageni.

"Ninyi nyote," alisema, akitupitia mmoja mmoja kwa kidole, "mtaandikwa kwa katakana."

Zilinikaa mkononi upesi. Kila herufi ni silabi nzima, ka, ki, ku, ke, ko, nami nilizikariri kwa sauti ileile tuliyoimbia ba, be, bi, bo, bu tukiwa chekechea. Kisha tukafika safu ya ra.

"Na la iko wapi?" nikauliza.

"Ni hiyohiyo."

"La na ra zinaandikwa sawa?"

"Kwetu ni sauti moja. Kwani kwenu zina tofauti kubwa?"

Niliandika ラ ukurasa mzima: mstari mfupi juu, na chini yake mwingine unaokunja kona na kushuka kama mundu.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenipa shingo yake. Aliandaa alasiri ya kusoma kazi zetu mbele ya wageni, akataka shairi lake lisomwe na mgeni, ili ionekane limevuka bahari. "Binti, nasikia unasoma Kijapani. Hebu mwandikie mwalimu wako shairi langu kwa herufi zao, alisome kwa Kiswahili."

Nililiandika kwa katakana bila kosa hata moja. Mwalimu alipokuwa akijifunza kulisoma, aliniuliza kama kuna mahali sauti ni l. Angeweza kuweka nukta juu ya herufi hizo na kujitahidi.

"Hakuna haja," nikamwambia. "Soma kama ilivyoandikwa."

Nilimpenda bibi yule, na nilimtumia kama kisu.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Mwalimu alisimama na karatasi yake, akasoma polepole mstari ambao mwenyekiti aliuringia kuliko yote, "Sina mahali pa kulala ila ndani ya lugha hii."

"Shina mahari pa kurara ira ndani ya ruga hii."

Nilishika kiti nikingoja kicheko. Nilikuwa nimekiota miezi minane. Hakikuja. Watu walitabasamu, wakasogea mbele kwenye viti vyao, na alipomaliza walisimama wakapiga makofi. Mwenyekiti alimshika mikono yote miwili. "Umesoma vizuri mno, mama. Vizuri mno!"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mifupa. Jina langu likaitwa, na dada wa Tanga akainuka na kurasa zangu. Nikamfuata mbele.

"Dada, nipe karatasi zangu."

"Mwenyekiti alisema..."

"Nilimsikia alivyosema. Nipe."

Akanipa, akarudi kitini. Nikamgeukia mwenyekiti.

"Mwalimu wangu amesema mahari. Mbona hukumwuliza kuhusu mbuzi?"

Watu wachache wakakohoa. "Binti," alisema kwa sauti ya chini, "yule ni mgeni. Wewe ulipaswa kujua."

"Najua. Ndiyo maana nimeandika kitabu."

Mwalimu alinitazama, kisha akaitazama karatasi yake, kisha akanitazama tena. Nadhani alielewa nilichomfanyia. Nilimwandikia barua wiki ile. Hajanijibu.

Lakini mchana ule nilisoma. Sikuikwepa l hata moja. Kila niliyoikuta niliipitia kwa ulimi wa kwetu, wazi, mpaka ukuta wa nyuma. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumekubaliana kila mtu asome kurasa tatu. Nilipoingia ukurasa wa nne, mwenyekiti alitazama saa yake, nikapunguza mwendo. Kwenye wa sita aliinua mkono.

"Samahani," nikasema, "naona mwenyekiti hakusikia vizuri," nikarudi mwanzo wa aya.