Nilifunga turubai la kupigia picha, majirani wakaja na kuni za msiba

Wakuu, habari za huko mliko.

Haya nitakayoandika niliyaona mwenyewe. Mahali ambapo kumbukumbu yangu si nzuri nitasema hivyo, sitajaza pengo kwa maneno ya kubuni. Ni marefu kidogo, tafuteni pa kukaa.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, naishi Oli, pembeni mwa mji wa Arua. Kazi yangu ni kutengeneza mizani: ya nafaka, ya wachinjaji, hata ile ya kupimia watoto kliniki. Sikuisomea. Nilijifunza kwa kufungua mizani mibovu na kuandika kwenye daftari kila skrubu imetoka wapi.

Kiswahili hiki pia nilikipata hivyo hivyo, kwa redio na vitabu vya mitumba. Mkiona kimenyooka kupita kiasi, nivumilieni. Huku kwetu hakizungumzwi hivi, mtaona mbele.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita.

Siku ya mazishi watu wa kanisa waliomba picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Nilipekua nyumba nzima. Iliyopatikana ni ya kitambulisho tu, wakaikuza mpaka uso ukawa madoadoa. Mtu niliyeishi naye miaka ishirini na nne, nilimzika nikitazama madoadoa.

Sisemi hili ili mnipe pole. Nalisema kwa sababu ndilo lililonifanya ninunue kamera.

Ilikuwa ya mtumba, kutoka kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vyake ahame. Fokasi ya kujiendesha ilikuwa imekufa, kwa hiyo lazima uzungushe pete ya lenzi kwa mkono, na pete yenyewe inakwama kama imeingia mchanga. Sikujali. Vitu vinavyokwama ndiyo kazi yangu.

Miezi minane ya kwanza nilipiga vitu visivyotembea. Mawe ya mizani. Sufuria. Baiskeli ya jirani. Kila picha niliiandika daftarini: saa, hali ya jua, ISO, shutter speed, na kosa nililofanya. Safu ya makosa ilikuwa ndiyo pana kuliko zote.

Watu sikuwapiga. Mtu ukimwelekezea kamera anakungoja useme kitu, na mimi sikuwa na la kusema. Kusema kweli nilikuwa nimechoka. Kamera ilikuwa sababu ya kutokaa ndani jioni, basi.

Sasa nije kwa Taban.

Kila Alhamisi napanda pikipiki yangu naenda Koboko, kwa sababu wafanyabiashara wa nafaka kule wana mizani mingi na mibovu. Karibu na soko kuna studio ya picha, chumba kimoja, pazia la bluu, stuli moja. Mwenye studio anaitwa Taban, amenizidi miaka sita. Siku moja mvua ilinikuta pale nikajibanza mlangoni kwake, kamera shingoni.

"Wewe napiga picha ya nini?" akauliza.

"Mawe ya mizani."

"Mawe nalipa?"

"Hapana."

"Lakini hiyo ni kastoma mzuri. Jiwe haiwezi kusema, 'Taban, umeharibu sura yangu.'"

Nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu nilishangaa mwenyewe kusikia sauti yangu ikicheka.

Mvua ilikatika, mimi nikabaki. Alhamisi iliyofuata nikarudi. Alinifundisha mambo ambayo video za mtandaoni hazikunifundisha. Kwa mfano, ukimpiga mtu wa rangi yetu mbele ya ukuta mweupe, kamera inaogopa ule weupe na kumfanya awe mweusi tii, kwa hiyo usiiamini kamera, upimie usoni. Mimi nilikuwa nimelisumbukia tatizo hilo hilo, kwa sufuria nyeusi, wiki nne na kurasa sita.

Baada ya muda niligundua kwamba kila nilipofika alikuwa ananipa picha zake nizikague.

"Fundi, angalia hii. Macho iko wazi ama iko na ukungu?"

Nilidhani ananipima. Siku ya tano au ya sita, sikumbuki vizuri, aliniambia ukweli. Ana presha ya macho. Daktari alimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa inachelewesha tu kilichobaki. Anaona katikati peke yake, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba.

"Mimi nimepiga Koboko mzima," alisema. "Harusi, kipaimara, pasipoti, maiti. Mama yangu, hapana. Hata moja."

Mama yake, Mama Kiden, anaishi Dranya, kijijini, peke yake, kwa hiari yake. Ana zaidi ya miaka themanini. Na msimamo wake ulikuwa huu: picha ya mzee ni ile inayobebwa mbele ya sanduku. Ukikaa upigwe, umewapa watu ruhusa ya kukuzika. Akiona kamera anaingia ndani.

Taban alitaka picha moja tu, uso mkubwa, iliyochapishwa, aione kabla bomba halijaziba.

Hapo nilielewa kitu ambacho laiti ningekielewa kabla mke wangu hajafariki. Nikamwambia nitaipiga mimi.

Ilimchukua Taban wiki kadhaa kumbembeleza mama. Mwishoni alikubali kwa masharti: bila sherehe, bila kuambia watu, saa sita mchana akishatoka shambani, na iwe haraka.

Saa sita mchana, wakuu. Anayepiga picha anajua maana yake. Jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili.

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikatoa daftari, nikachora ua la nyumba, nikaweka jua, kiti, mimi. Dawa niliipata kwenye video: funika juu kwa kitambaa cheupe, mwanga ushuke laini. Kitambaa cheupe kikubwa Dranya kiko kimoja, turubai la kanisa, na analitunza katekista.

Asubuhi ya Alhamisi nilifika kwa katekista nikamwambia naliomba turubai kwa ajili ya Mama Kiden. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuuliza kitu. Alituma turubai na viti kumi na viwili vya plastiki, kwa sababu huwa vinakwenda pamoja. Mimi nikaona ni ukarimu.

Nikasimamisha nguzo. Nikafunga kamba. Nikapanga viti pembeni visinizuie. Taban alikuwa ndani anamsaidia mama kutafuta kitenge, na hata angekuwa nje asingeona.

Tafadhali msinitetee kwamba mimi ni mgeni. Mimi ni mtu wa hapa. Chini ya turubai jeupe kama lile nilikaa siku nne mke wangu alipofariki. Najua kabisa kwetu turubai likisimama kwenye ua wa mzee linasema nini. Lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kwenye mwanga.

Nilikuwa napima mwanga kwenye kiti kitupu niliposikia kuni zikitupwa chini nyuma yangu.

Mwanamke mmoja, mzito, wa umri wa kama miaka sabini, alikuwa ametua mzigo wake wa kuni katikati ya ua. Kuni za msiba, kila jirani huleta za kupikia waombolezaji. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama weee! Kiden umeniacha na nani!"

Nyuma yake wakaja wengine watatu na kuni na unga wa muhogo. Nyuma yao mzee mmoja na wanaume wawili wa makamo wamebeba majembe.

Majembe, wakuu. Walikuja kuchimba.

Nilisimama na kamera mkononi.

Mlango ukafunguka. Mama Kiden akatoka na fimbo yake, kitenge kimefungwa upande mmoja.

"Nani amekufa?"

Yule wa kwanza, jina lake Asunta, alishusha mikono kutoka kichwani.

"Nauliza, nani amekufa?"

"Tuliona turubai," Asunta akasema polepole.

Mama akaangalia juu. Akaangalia viti. Akaangalia majembe. Halafu akaniangalia mimi, na sijawahi kuangaliwa hivyo na mizani yoyote.

"Mimi nilisema," akamwambia Taban, ambaye alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Nilisema picha ni hii. Sasa umeona."

Akageuka kurudi ndani.

Taban hakumzuia. Alisimama tu, uso umeelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nilijua kwamba imekwisha. Mama hangekubali tena, na Taban hakuwa na muda wa kumbembeleza wiki nyingine. Na aliyeharibu ni mimi, kwa daftari langu.

Asunta ndiye aliyesema, kwa hasira kabisa:

"Sasa mimi nimelia bure?"

Mama Kiden akasimama mlangoni.

"Wewe," akasema, "tangu mbuzi yako ikule muhogo yangu, hapana kunisalimia. Mvua mbili zimepita. Leo unalia?"

"Mutu akikufa mbuzi inaisha."

"Basi lia. Mimi iko hapa, nasikia. Ulikuwa umefika wapi? Umeniacha na nani?"

Mmoja wa wale wenye majembe alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. Haikusaidia. Mama akaja mwenyewe mpaka kwenye viti, akakaa, akagonga kiti cha jirani yake kwa fimbo.

"Kaa hapa. Na nyinyi wote, kaeni. Mlikuwa mtasema nini kwa kaburi yangu? Semeni sasa. Hapana kudanganya."

Wakasema. Mzee mwenye jembe alisema atamkumbuka kwa ubahili wa mbegu zake. Mwingine akasema Mama ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza alipojifungulia njiani, bila hata kisu cha kukatia kitovu. Asunta akasema kuhusu mbuzi, kwa kirefu, akamaliza kwa kuomba radhi ambayo nusu yake ilikuwa lawama. Mama akamshika bega akacheka kwa mwili mzima.

Mimi nilikuwa nimepiga goti. Daftari sijui lilikuwa wapi. Nilizungusha ile pete inayokwama nikabonyeza, nikazungusha, nikabonyeza. Picha kumi na moja. Hakuna aliyenitazama, na hakuna aliyengoja niseme kitu.

Nyumbani nilizifungua moja baada ya nyingine kwenye kompyuta. Kumi hazifai. Moja ina uso wa Mama Kiden, mkubwa, unacheka.

Nikaichapisha Arua, Alhamisi nikampelekea Taban.

Aliisogeza karibu na jicho la kulia, akaanza chini, akiipitisha kidogo kidogo mbele ya lile bomba lake. Alikaa sana kwenye kona ya chini.

"Fundi."

"Ndiyo."

"Fokasi iko kwa kuni."

Ni kweli. Mbele ya mama kulikuwa na mzigo wa kuni wa Asunta, na pete ilikuwa imekwama pale. Gome la mti unaweza kulihesabu mikunjo. Uso wa mama una ulaini, kama umepigwa kupitia mvuke wa chai. Kosa hilo nilikuwa nimeliona Arua, nikatumaini Taban hataliona. Aibu hiyo naiandika pia.

Akaendelea kupanda juu. Alipofika usoni akasimama. Nilisikia watu wa sokoni wakibishana bei, wakamaliza, bado amesimama pale.

"Iko na meno mbili tu," alisema. "Mimi sikujua. Akicheka, siku zote yeye nafunika mdomo na mkono."

Siku ile mkono ulikuwa kwenye bega la Asunta.

Nilimwambia nitairudia, safari hii fokasi itakuwa machoni. Akakataa. Ameitundika ukutani pale kwenye pazia la bluu, na kastoma wakiuliza kwa nini kuni ziko wazi kuliko mtu, anawaambia waulize fundi mizani.

Nilichojifunza, kwa ufupi. Kabla hujasimamisha kitu kwenye ua wa mtu, jiulize kitu hicho mara ya mwisho kilisimama pale kwa kazi gani. Na ukipanga kila kitu, acha nafasi ya kushindwa, maana mimi picha nzuri niliipata nikiwa nimeshashindwa.

Sitawadanganya kwamba kamera imeniponya. Nyumba ya Oli iko kimya vile vile, na jioni nyingi bado nachoka kabla sijafanya kitu. Lakini wiki yangu sasa ina Alhamisi. Taban ananiambia mwanga unaangukia wapi, mimi namwambia macho yako wazi ama yana ukungu. Kati yetu wawili anapatikana mpiga picha mmoja wa kuridhisha.

Karibuni mnikosoe. Na mwenye kujua namna ya kupata kivuli laini saa sita mchana bila turubai, tafadhali aandike hapa chini.

Alhamisi hii tunakwenda Dranya. Mama Kiden ametuma ujumbe kwamba nikitaka nije na kamera, lakini kwanza nije na shoka. Kuni za msiba hazirudishwi, kwa hiyo amekuwa akizipikia yeye na Asunta. Vijiti vimekwisha, yamebaki magogo, na anasema atakayeyapasua ni yule aliyeyaita.