Kama Inafaa Kwenda Goma na Visu

Wapo wanaosema vita humletea mhunzi kazi. Labda, kama ni mhunzi asiyejali anamfulia nani. Mume wangu alifua visu vya jikoni kwenye kilima kimoja juu ya Masisi, na vita viliitafuna kazi yake kama wadudu wanavyotafuna maharagwe ghalani. Kwa nje punje ni nzima, ukiipasua ni unga mtupu.

Kabla ya hapo visu vyake vilikuwa na wenyewe. Wenye ng'ombe wa Mushaki walitaka kisu cha kuchinjia. Watengeneza fromaji, yaani jibini, walitaka kirefu na chembamba, na kina mama walitaka kifupi cha kumenyea viazi. Chuma alikipata kwa watu waliotoka Walikale, ambao walibeba mgongoni springi za malori yaliyofia matopeni kwenye barabara ile. Halafu ng'ombe wakaporwa. Hakukuwa na cha kuchinja wala maziwa ya kugandisha, na visu vikabaki vinaning'inia chini ya paa letu. Mama mkwe, tuliyeishi naye nyumba moja, hakuacha kututania.

"Banasema mwenye kisu kikali njo anakula nyama," alisema huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. "Siye tuko na visu mupaka kwenye paa, na hata chumvi hatuna."

Kisha wakaja wenye bunduki. Sitasema walikuwa akina nani, maana wakati ule walikuwa wengi, wakipokezana vilima, na kuku akishaibwa ameibwa tu. Walitaka mapanga. Mume wangu alisema mvua imelowesha makaa yake yote, na wao wakautazama moto uliokuwa ukiwaka mbele yao, wakacheka. Mkubwa wao alisema watarudi. Wakikuta mapanga watachukua mapanga, na wasipoyakuta watamchukua fundi pamoja na mivukuto yake, akafue porini.

Tulikuwa tumebanwa hivyo. Akikubali, atafua kitu ambacho kesho kitapanda kwenye kilima cha jirani zetu. Akikataa, anachukuliwa. Kukimbia nako hakukuwa rahisi. Mkulima akikimbia hukuta shamba la watu akalima kibarua, lakini mhunzi asiye na mahali pa kuwasha moto ni mtu wa kuombaomba.

Habari ya maonyesho tuliletewa na mfanyabiashara mmoja wa upande wa Butembo. Alikuwa na duka la chumvi na sabuni chini kwenye senta, na gari lake ambalo siku zile liliishia Sake, kwa sababu huku juu dereva wake alikataa kupanda.

"Papa fundi," alisema, "Goma kutakuwa foire ya visu. Foire mukubwa! Bafundi batatoka Butembo, batatoka Bukavu, kila mumoja na meza yake. Na ile fundi kazi yake itapendwa, batamupatia fasi ya kufanyia kazi, pale pale Goma, na moto tayari. Nilisikia na masikio yangu mwenyewe."

Mume wangu aliuliza kuhusu bariere, vile vizuizi vya wenye bunduki barabarani. Kutoka kwetu mpaka Sake zilikuwa nyingi, na kila moja na wenyewe. "Mwanaume na mufuko ya visu," alisema. "Bataniuliza naenda kuua nani."

"Lakini mukaa bure haiko sawa na mutembea bure," mfanyabiashara akasema.

"Mutembea bure wa siku hizi anaokota risasi," mama mkwe akamjibu kutoka jikoni.

Mimi nilitaka twende. Nilitaka siku ile ya kwanza na nilitaka kila siku iliyofuata, na mtu asiniombe nibadili neno leo. Nilimwambia mume wangu, "Ukibaki, uko muntu wao. Ukienda, labda utakuwa muntu yako mwenyewe." Alivishusha visu kutoka kwenye paa, akavipanga juu ya mkeka, akakaa kuvitazama mpaka chakula kikapoa.

Ikawa ndiyo kazi yetu, kupima. Asubuhi alisema tutaenda, jioni akasema hapana. Ikisikika milio upande wa mbali alisema afadhali tuondoke. Ikitulia alisema labda wale watu wamesahau mapanga yao. Siku moja akaniuliza, bila kuniangalia, kama nadhani fundi wa Butembo angecheka akiviona visu vyake. Hapo nikajua kwamba bariere zilikuwa nusu tu ya hofu yake. Alikuwa amejifunza kwa baba yake, na baba yake kwa babu, na hakuwahi kuweka kazi yake karibu na kazi ya mtu mwingine. Kule juu alikuwa fundi kwa sababu hakukuwa na mwingine. Goma angeweza kuambiwa kwamba amepoteza maisha yake kwenye chuma kibovu. Nilimhurumia na nilikasirika pia, kwa sababu wenye bunduki hawakuwa wakisubiri amalize kuona haya.

Akafikiria kuvivua mipini, ili tubebe vyuma vitupu kama vya kuuza kilo. Mfanyabiashara akasema ni vibaya zaidi. Chuma kipya kisicho na mpini, yeyote angesema kinapelekwa msituni.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri, yeye aliyekuwa amepinga tangu mwanzo. Alitoka jikoni, akajifuta mikono, akasema, "Mwanaume mumoja na visu mingi, huyo ni mwasi. Mama mumoja na kisu moja, huyo anaenda sokoni. Nani amewahi kuuliza mama kisu yake?" Kina mama wa kilima chetu walishuka pamoja kila siku ya soko. Kila mmoja angebeba kisu kimoja ndani ya kikapu chake, kati ya karoti na majani ya maboga, na tungevikusanya Sake.

Na tulichagua siku ya soko kwa sababu tuliamini, sote kule juu, kwamba siku ya soko hakuna anayepiga risasi. Wenye bunduki wote wanakula, tulisema, na wote wanakula vyetu. Siku hiyo hata maadui walinunua ndizi kwa mama mmoja. Imani hiyo tulikuwa nayo kama wengine walivyo na hirizi, na ilikuwa haijatuangusha.

Kwetu kisu hakipewi bure, kinakata udugu. Anayepokea hutoa kitu, hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Jioni kina mama walikuja kuchukua visu, na kila mmoja akaacha kitu mkekani: kiazi, kitunguu, konzi ya maharagwe. Mama mkwe alijichagulia kile kirefu cha kuchinjia, kilichokuwa kizuri kuliko vyote, na hakuacha kitu. "Nimulipe nani?" alisema. "Huyu nilimuzaa. Yeye njo mwenye deni." Tukacheka, naye akacheka kuliko sote.

Tuliondoka ukungu ukiwa bado chini. Mume wangu alitembea nyuma yetu na jogoo kwapani, ili aonekane ni mtu wa soko. Kwenye bariere ya kwanza walimnyang'anya jogoo. Kwenye ya pili kijana mmoja wa bunduki alipekua kikapu changu, akakuta kisu. Akakichukua, akamenyea muwa wake taratibu, akautafuna, kisha akanirudishia.

"Eh, Mama! Kisu yako inakata! Ulinunuaka wapi?"

Nikasema sokoni. Nyuma yangu mume wangu alikuwa amesikia. Nilipogeuka alikuwa anatazama chini, anajizuia kutabasamu, na nikafikiri: haya, sasa ataingia Goma kifua mbele.

Tulipita Mushaki salama. Ilikuwa kwenye mteremko wa kushuka Sake, tunaliona ziwa kule chini, ndipo risasi zikaanza. Nani alimpiga nani mpaka leo sijui, na wala sioni kama itanisaidia. Kina mama walitupa viazi, walitupa karoti, wakakimbia. Mimi nilikimbia nimeshika kikapu tu kwa sababu vidole vilikataa kufunguka.

Sake palikuwa na watu kila mahali, na wengine walizidi kumiminika. Nilikaa mbele ya duka alilotuelekeza mfanyabiashara, na kina mama wakawa wanafika mmojammoja, bila vikapu, bila viatu. Na kila aliyefika alichomoa kisu kwenye kitenge chake, akakiweka mbele yangu. Walikuwa wametupa chakula cha watoto wao wakabaki na visu vyetu. Mama mkwe hakuwa kati yao, na mume wangu alimuuliza kila mmoja kama amemwona, mpaka jirani yetu mmoja akasema amemwona Mama akikaa kando ya barabara kupumzisha magoti, kabla tu ya risasi. Baada ya hapo hajamwona.

Tulisubiri. Waliokuwa wakishuka walipungua. Mtu mmoja, simtaji, akanong'ona kwamba ndiyo hivyo, kisu cha bure kimekata. Nilimgeukia nikamwambia afunge kinywa. Waliolipa viazi na asiyelipa wote walipigiwa risasi zilezile, na magoti ya mwanamke mzee hayana habari na mila.

Mume wangu alisimama. Nilijua anakokwenda, nikasimama naye.

"Hapana," alisema. "Weye usipande."

"Tutapanda pamoja."

"Tukipanda pamoja na yeye ashuke kwa njia ingine, atamukuta nani? Foire ni kesho. Enda na visu, panga kwenye meza. Nikimupata Mama, tutakukuta pale. Lakini usitoke pale, unasikia? Goma sina ndugu, sijui hata barabara moja. Ukitoka pale nitakutafutia wapi?"

Nikamwambia sitatoka. Alipanda akipishana na watu wa mwisho waliokuwa wakishuka, mikono mitupu, na mgongo wake niliuona mpaka kona ya kwanza. Sijamwona tena, wala mama yake.

Gari la mfanyabiashara lilinichukua. Tulipita Mubambiro, ambako askari walikuwa wakipandishwa kwenye malori kuelekea tulikotoka, na dereva akaniambia nisitazame.

Maonyesho yalikuwa makubwa kweli, mtu yule hakutudanganya. Meza zilijaa kiwanja kizima. Kulikuwa na visu vya mipini ya pembe, visu vyembamba vya samaki, visu vinavyong'aa mpaka unajiona. Nilivipanga vya mume wangu kwenye kitenge changu, nikawa namwonea haya kwa niaba yake. Kumbe hakukuwa na sababu. Watu walisimama, wakavipima mkononi, wakavijaribu kwenye karatasi. Fundi mmoja mzee wa Butembo alikipindapinda kimoja, akakigonga na ukucha, akakisikiliza, kisha akaenda kumwita mwenzake aje asikilize naye. Hakuna aliyecheka. Nilitaka kulia, kwa sababu aliyekuwa akiogopa kicheko kile ndiye aliyestahili kuwepo pale kuona kwamba hakipo.

"Fundi mwenyewe iko wapi?" waliniuliza.

"Iko nyuma. Anakuya."

Nilisema hivyo kutwa, na kesho yake tena. Kila mwanaume mrefu aliyeingia getini nilimwinukia, kisha nikakaa.

Siku ya mwisho, walipoanza kukunja meza, akaja Papa mmoja aliyesimamia mambo ya mafundi. Alikuwa mtu wa upole. Aliniambia wamekubaliana, na mume wangu amepata fasi, upande wa pili wa mji. Moto upo, makaa ya kuanzia yapo, na kuna chumba kidogo cha kulala nyuma yake. Naweza kuingia hata leo, nimsubiri hukohuko.

Ni kile tulichokifuata. Kila tulichokuwa tumekipima juu ya mkeka, asubuhi na jioni, mtu huyu alikuwa amekileta na kukiweka mbele yangu.

"Aksanti, Papa," nilisema. "Lakini mimi siwezi kutoka hapa."

"Mama, foire imeisha. Tunafunga."

"Najua. Lakini alisema nisitoke pale. Goma hajui fasi ingine."

Akaniambia angeacha ujumbe kwa mlinzi. Nikamuuliza Papa yule, huyo mlinzi atamjuaje mtu ambaye hajawahi kumwona? Akaniombea Mungu, akaenda zake. Ile fasi walimpa fundi mwingine juma lilelile.

Mimi nilikaa nje ya geti. Visu niliviuza, na kwa kile nilichopata nikaanza kuuza sombe palepale, kwa sababu anayeuza kitu hafukuzwi upesi kama anayekaa bure. Kiwanja kimejengwa majumba, geti limebadilishwa, mimi bado nipo. Wateja wangu, watu wema, huniambia kwamba hapa hakupiti watu, kwa nini sihamii sokoni ambako ningeuza mara mbili. Nawaambia nimezoea.