Alama Yangu Chini ya Maneno Nisiyoyasoma

Nilimweka mwanangu kwenye mapaja ya msimamizi wetu nikamwambia, “Mshike. Nataka kusoma.”

Alimshika kama mtu aliyepewa sufuria ya moto bila kitambaa, mikono mbali na shati. Nikavuta kiti cha wageni hadi mezani kwake, nikaigeuza kompyuta yake upande wangu.

Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatusomea kwa sauti barua pepe ya wahariri wa kamusi walioko Ulaya. Walisema kuna nukuu zilizotumwa kutoka Dodoma ambazo hazimo kabisa kwenye michezo ya kuigiza iliyotajwa. Zote zilikuwa na alama moja, na alama hiyo ilikuwa yangu. Alipomaliza alinitazama pale konani nilipokuwa nanyonyesha.

“Mnaona?” akasema. “Mama mtoto, kichwa chako kimejaa maziwa. Unaota maneno usiku, asubuhi unayatuma Ulaya.”

Wenzangu wakacheka. Si sana, ni kiasi cha kumridhisha tu. Hapo ndipo nilipoinuka.

Watu wakisikia nilifanya kazi ya kamusi hudhani nilikuwa natafsiri. Sikutafsiri chochote. Ilikuwa kamusi ya Kiingereza iliyowekwa kwenye mtandao, mtu yeyote aisome bure, na chini ya kila neno wenyewe walitaka sentensi kutoka kwenye michezo ya kuigiza ya zamani sana ya huko Uingereza, ya enzi ambazo wafalme wao walikuwa bado wanakata watu vichwa. Nia ni kuonyesha neno lilitumikaje wakati ule. Kuisoma michezo yote hiyo ni kazi ndefu, na wao walitaka mikono ya bei nafuu. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Shirika alilofanyia kazi baba wa mtoto wangu liliuzwa, yeye akapunguzwa, akasema anakwenda machimboni kujaribu, akapotelea hukohuko. Msimamizi wetu, kijana mwenye digrii, akapata zabuni ya hiyo kamusi. Akapanga chumba mtaa wa Makole, hapo Dodoma, nyuma ya duka la simenti, akajaza kompyuta zilizokwisha tumika, akatuajiri sisi wa kidato cha nne.

Kurasa zilikuja kwenye CD, picha za makaratasi makuukuu yenye madoa kama ya chai. Unatafuta neno, unausoma ukurasa, unachapa sentensi kama ilivyo. Chini yake unaandika mtunzi, mchezo, tendo, onyesho, na nani anayesema. Mwisho kabisa unaweka alama yako, herufi mbili ulizopewa siku ya kwanza. Alama hiyo ilikuwa na maana moja: ukurasa huu nimeusoma mimi, kwa macho yangu. Na wahariri walikuwa wametuonya tangu mwanzo. Alama ikionekana ni ya uongo, kila kilichobeba alama hiyo kinafutwa, kizuri na kibaya.

Mwanzoni niliichukia michezo ile. Wafalme wanaongea mpaka unasinzia. Halafu nikaanza kuwaona watumishi. Mfalme ana jina, mtumishi hana. Anaitwa Mtumishi wa Kwanza, Mtumishi wa Pili. Anaingia na kiti, anasema neno moja, anatoka, na humwoni tena. Wenzangu walikimbilia hotuba za wafalme kwa sababu huko unavuna maneno mengi mahali pamoja. Mimi niliwafuata watumishi. Ndiyo maana kwenye kamusi ile, chini ya maneno ya kawaida tu, ufagio, kiatu, njaa, utakuta mtu asiye na jina anasema, na chini yake herufi zangu mbili.

Aliyekaa jirani yangu alikuwa dada mmoja wa Kondoa, amenizidi umri, mtandio wake haujawahi kukaa upande. Alikuwa akinitania.

“Umewapata vijakazi wako leo?”

“Nimempata mmoja anabeba viatu vya tajiri yake.”

“Ana jina?”

“Hana.”

“Basi huyo ni sisi, mdogo wangu. Mwandike vizuri.”

Mimi sikuwa na kitu kingine duniani chenye alama yangu. Cheti changu cha kidato cha nne sikionyeshi mtu. Nilikuwa na mtoto, na nilikuwa na zile nukuu.

Kisha bibi yangu akafariki huko Chamwino. Mama alitoka moja kwa moja Makutupora alikokuwa kibarua wa kuchuma zabibu, akafika msibani na vidole bado vyeusi kwa utomvu. Siku ya mazishi watu wa ofisini walikuja, kama inavyopasa, na rambirambi kwenye bahasha, msimamizi mbele. Alikaa chini ya turubai pamoja na wajomba zangu. Alikula ugali wa mtama na mlenda akausifu mlenda. Wakati wa kuondoka aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

“Pole sana, dada yangu. Pumzika. Kazi zako tutazishika sisi.”

Nilimwambia asante, kaka. Nilikuwa namwita kaka. Mama akaniambia, “Umepata bosi mwenye utu.”

Sasa turudi pale mezani kwake. Nukuu ya kwanza niliyoifungua ilisema imetoka tendo la sita. Mchezo wenyewe ulikuwa kwenye CD, nikaufungua. Ulikwishia tendo la tano.

“Hakuna tendo la sita hapa,” nikasema.

“Kosa la kuchapa.”

“La nani?”

“Alama ya nani hiyo?”

Nikashuka mpaka kwenye tarehe za kutumwa. Nikafungua nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa za wiki ya msiba. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akituhimiza kabla ya hapo kwamba tumechelewa, kwamba waliotoa zabuni wanataka nukuu nyingi zaidi. Kusoma kurasa zile kunachukua muda. Kutunga hakuchukui. Lakini hata uongo ulihitaji alama, na alama isiyo na mtu wiki ile ilikuwa yangu.

“Wiki hii nilikuwa wapi?” nikamuuliza, nimeweka kidole kwenye tarehe.

Akamhamishia mtoto paja la pili.

“Wewe ulikuwa unakula mlenda wa mama yangu. Sema nilikuwa wapi.”

“Mambo ya msiba usiyalete ofisini.”

Mtoto akamkojolea. Nilitamani mtu acheke, hakuna aliyecheka. Msimamizi akanirudishia mwanangu, akajifuta suruali kwa karatasi, na alipoanza tena kusema sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulioniudhi kuliko yale maneno ya maziwa.

“Sikiliza. Andika kwamba umekosea kwa uchovu wa uzazi. Wazungu wanayaelewa mambo ya uzazi. Yatakwisha, na wewe utaendelea na kazi.”

“Na zile nilizosoma kweli?”

“Zitafutwa, ndiyo sheria yao. Utaanza upya.”

“Nisipoandika?”

“Huko nje kuna wasichana wamemaliza fomu foo, tena hawana watoto.”

Niligeuka nikawatazama wenzangu. Wote hawa walikaa kwenye mkeka mmoja na mimi Chamwino. Wote walikuwa wanachapa. Dada wa Kondoa naye alikuwa anachapa, vidole vinakwenda kabisa, na skrini yake ilikuwa nyeusi. Alikuwa hajaiwasha.

Nikatoka. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza, ule wa vumbi, nikamfunika mtoto uso kwa khanga. Nilikuwa nimefika kwenye kona niliposikia nyayo. Ni yule dada wa Kondoa, anahema.

“Mdogo wangu, usinichukie. Nina watoto wanasoma.”

“Ulimwona msimamizi wiki ile, au hukumwona?”

Aliangalia nyuma kwanza.

“Nilimwona. Jioni tuliporudi kutoka kuzika alikaa kwenye kiti chako mpaka tukafunga. Na kesho yake tena. Nilidhani anakusaidia.”

“Nikiyaandika hayo?”

Aliushika mtandio wake kama anayetaka kuondoka, nikajua jibu litakuwa hapana. Halafu akasema, “Jina langu usiliandike. Niandike kama unavyowaandika wale vijakazi wako.”

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye kibanda cha intaneti karibu na soko. Mama alikaa nje na mtoto, kila mara anachungulia mlangoni kuniuliza kwa nini siendi kazini kumwomba yule bosi msamaha. Kamusi ilikuwa na ukurasa wake wa malalamiko. Nilichapa kwa Kiingereza nilichonacho. Kwa Kiswahili ni hivi:

*Kwa wahariri. Nalalamika rasmi dhidi ya msimamizi wa kazi yenu hapa Dodoma. Nukuu mlizozikuta ni za uongo na mna haki ya kuzifuta. Sikuzituma mimi. Ushahidi nautoa kwa utaratibu mliotufundisha.*

*“Pumzika. Kazi zako tutazishika sisi.” Anasema: msimamizi. Mahali: Chamwino, msibani kwetu, chini ya turubai. Wiki hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye tarehe za nukuu zote mnazolalamikia.*

*“Alikaa kwenye kiti chako mpaka tukafunga.” Anasema: Mfanyakazi wa Pili. Mahali: Makole, barabarani. Msiniulize jina lake.*

*“Andika kwamba umekosea kwa uchovu wa uzazi.” Anasema: msimamizi. Mahali: ofisini, mbele ya wafanyakazi wote, baada ya kumpakata mwanangu.*

*Sijachoka. Ombi langu ni kwamba msiifute alama yangu kwenye kurasa nilizozisoma. Chukueni yoyote ya kabla ya wiki ile mkailinganishe na kitabu. Mkikuta sentensi moja isiyokuwemo, futeni zote na mimi sitawaandikia tena. Kati ya haya yaliyo hapa juu, mawili niliambiwa mimi mwenyewe usoni, na moja niliambiwa na aliyeona. Ndiyo maana naweka alama yangu hapa chini.*