Waya Aliouchomoa Mama

Chumba cha kompyuta nilichofanyia kazi kule Runyenjes kiliingiwa bila viatu. Mwenye chumba, mwalimu mstaafu, aliamini kuwa vumbi ndilo adui wa kwanza wa mashine, na kwa jinsi udongo wetu mwekundu unavyoshika kila kitu, sikuwahi kumbishia. Viatu vilibaki mlangoni juu ya gunia. Kompyuta ilikuwa moja tu, na kila jioni tuliifunika kwa kitambaa cha maua kilichoshonwa na mke wake. Kazi yangu ilikuwa kuchapa mitihani ya shule za karibu, na kuwafundisha watu namna ya kuiwasha na kuizima mashine bila kuiogopa.

Naanza na habari ya viatu kwa sababu mama yangu aliogopa radi, na siku ninayotaka kuieleza hakuwa na viatu.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha, mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha karibu kila alasiri. Kaka yangu alikuwa amekuja nyumbani kutoka ng'ambo kwa wiki tatu na alikuwa anarudi kesho yake asubuhi. Mke wake, aliyebaki huko, alikuwa mjamzito. Mama naye alikuwa ameandikiwa kupasuliwa wiki ileile katika hospitali moja upande wa Meru, kuondolewa rovu, ule uvimbe wa shingoni ambao wanawake wengi wa rika lake walikuwa nao. Daktari hakumficha. Alimwambia kwamba mshipa wa sauti unapita palepale penye kisu, na kwamba wapo wanaoamka na sauti nyingine, au wasiweze kuimba tena.

Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya akina mama wa Karurumo. Hakulia mbele ya daktari. Njiani kurudi ndipo aliponiuliza, "Sasa huyo mtoto atanisikia namna gani?"

Tulijaribu kanda kwanza. Redio ya nyumbani iliitafuna siku ya pili, ikatoa utepe nje kama matumbo ya kuku, na Mama akasema hataimba tena ndani ya kitu chenye meno. Ndipo kaka yangu alipotoa mfukoni kidude chake cha kuchezea muziki. Kilikuwa kidogo kama kiberiti kikubwa, hakina kanda, kinatumia betri moja. Nyimbo huingizwa ndani kutoka kwenye kompyuta kwa waya mnene unaofungwa nyuma, mahali panapofungwa waya wa printa. Aliniachia asubuhi ile pamoja na kijitabu chake na kusema, "Nitakipitia saa kumi na moja. Usikichomoe kabla hakijamaliza. Kikikatizwa kinaweza kupoteza hata nyimbo zilizotangulia."

Mama alifika saa saba, akiwa na kiondo chake na sweta mkononi.

"Chumba chenu kimekuwa msikiti lini?" aliuliza nilipomwomba avue viatu vyake vya plastiki.

"Ni vumbi, Mama."

"Vumbi. Na miguu yangu je, imetoka wapi?" Lakini alivua.

Tulizungumza Kiembu, kama siku zote. Hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili. Aliniita "mami", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na kwa desturi yetu mimi ni mama yake kwa namna fulani. Alipenda kunikumbusha hivyo alipotaka nimtii na vilevile alipotaka kunitii.

Alikaa mbele ya maikrofoni niliyoazima kanisani, akaimba nyimbo tatu. Wa kwanza ni wa kwaya. Wa pili ni wa kupalilia, ambao huimbwa na wanawake wakiwa wamejipanga shambani. Wa tatu ndio aliotaka hasa: wimbo wake mwenyewe wa kubembelezea, aliotuimbia sisi sote mgongoni mwake. Niliuacha uwe wa mwisho ili koo lake liwe limelegea.

Nikuelezee kidogo nilivyofanya, kwa maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi ndogo sana, na karibu yote ilijaa mitihani ya watu. Sauti ikishaingia ilibidi ibanwe iwe ndogo, kazi ambayo mashine ile ilichukua karibu nusu saa kwa wimbo mmoja, kisha ipelekwe kwenye kidude. Nilipomaliza kupeleka wimbo niliufuta kwenye kompyuta ili unaofuata upate mahali. Kwa hiyo kufikia saa kumi kasoro, nyimbo mbili zilikuwa ndani ya kidude tu, si pengine popote duniani. Wa tatu ulikuwa ndio unaanza safari.

Mama aliuliza ule mstari wa buluu unaojaa polepole kwenye skrini ni nini.

"Ni wimbo unapita kwenye waya," nilisema. "Ni kama unapomimina uji kutoka kwenye sufuria kuingia kwenye kibuyu. Ukikisogeza kibuyu katikati, unamwagika. Tunangoja mstari ujae, mashine iseme imemaliza, tunafunga, tunazima haka karedio, halafu ndiyo tunatoa waya. Kwa utaratibu huo tu."

"Kwa utaratibu huo," alirudia, kama mwanafunzi.

Ngurumo ya kwanza ilitoka upande wa mlimani. Ilikuwa ya mbali, ya kuburuta, na nilijifanya sijaisikia. Mama alitazama miguu yake juu ya saruji.

Ni lazima ujue jambo moja juu yake. Nilipokuwa darasa la nne, jirani yetu alikuwa na redio ya betri ya gari, na waya wa kunasia mawimbi ulipanda hadi juu ya mti wa mukima. Siku moja mvua ikianza, mke wake alinyoosha mkono apunguze sauti, na radi ikashuka na ule waya. Mama ndiye aliyeingia nyumba ile wa kwanza. Hakuwahi kutusimulia alichokiona. Ila tangu siku ile, mawingu yakinguruma tu, kwetu kila mtu alijua kazi yake: huyu anafunika kioo kwa leso, yule anaingiza masufuria, na yeye mwenyewe anachomoa nyaya za redio kwenye betri, anaiviringisha redio ndani ya sweta na kuisukuma chini ya kitanda. Hakungoja ngurumo ya pili. Hakuna aliyecheka.

Sasa ilikuja ya pili, na dirisha likatetemeka.

"Mami, toa huo waya."

"Bado kidogo, Mama. Umefika nusu."

"Nipe basi viatu vyangu."

Nilimletea vile vya plastiki, akavivaa ndani ya chumba cha mwalimu. Mwanga ulipita ukutani, mweupe. Nilihesabu kimya kimya kama tulivyofundishwa shuleni, na nilifika tatu tu kabla haijanguruma.

"Na wewe huna viatu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umeishika hiyo kitu na huna viatu."

"Sijaishika. Nimeweka mkono mezani tu."

"Nilimwambia pia. Yule. Nilikuwa kwenye ua, nikamwambia wacha hiyo redio, akasema anapunguza tu."

Hilo sikuwahi kulisikia. Niligeuka kumtazama, nikauacha mstari wa buluu. Ndipo ngurumo nyingine ilipopasuka juu ya mabati, na Mama akainuka, akanyoosha mkono na kuung'oa ule waya kutoka kwenye kidude. Hakuuvuta kwa hasira. Aliifanya kama alivyoifanya kazi hiyo miaka yote, kwa mvuto mmoja wa haraka wa mtu aliyezoea. Akakiviringisha kidude ndani ya sweta, akakisukuma ndani kabisa ya kiondo, kisha akanishika juu ya kiwiko na kunivuta hadi kwenye benchi la mbao la kona ya mbali. Akanikalisha na kuipandisha miguu yangu juu ya mapaja yake ili isiguse sakafu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Kitu cha mwisho nilichokiona kwenye skrini ni maandishi ya kulalamika. Kisha kukawa na mlio mkavu, kama ubao unaopasuliwa, mwanga ukaingia kwa milango na madirisha yote, na stima ikapotea. Mashine ilishusha pumzi, ikanyamaza. Palikuwa na harufu ya kitu kilichoungua.

Tulikaa hivyo muda mrefu, mvua ikipiga mabati hata tusisikilizane. Naijua hofu ya radi, nimelelewa nayo, lakini haikuwa hiyo iliyonishika. Niliogopa kiondo. Kila nilipokitazama nilisikia maneno ya kaka yangu, kinaweza kupoteza hata nyimbo zilizotangulia. Mama alikuwa ametulia. Kwake hatari ilikuwa imepita, na alikuwa ananipapasa vifundo vya miguu kama mtoto.

Mvua ilipopungua alisema, "Mbona bado unakitazama kiondo? Imeenda."

Ningeweza kumdanganya. Nilimweleza, taratibu, bila kupandisha sauti, kwamba uji ulikuwa bado unamiminwa. Kwamba za kwanza mbili nilizifuta kule zilikotoka. Kwamba huenda ndani ya sweta hakuna kitu.

Mkono wake ulipanda shingoni, ukakaa juu ya ule uvimbe.

"Nimejifuta?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Basi angalia."

"Naogopa."

"Hata mimi. Angalia."

Ilikuwa yapata saa kumi na nusu. Hata kama angeimba upya, hapakuwa na stima. Nilikifungua kiondo, nikakitoa kidude ndani ya sweta, nikabonyeza. Hakikuonyesha kitu. Nilibonyeza tena. Mama alikuwa amefumba macho. Nikajilazimisha kufanya kile ambacho ningemwambia mwanafunzi yeyote: usibonyeze ovyo, rudi mwanzo. Nilitoa betri, nikaifuta kwa ukingo wa blauzi, nikahesabu hadi kumi, nikairudisha. Kioo kidogo kikawaka. Kikamumunya, kikamumunya, kisha ikatokea namba. Tatu.

Nilimvalisha Mama visikizi masikioni na kubonyeza. Niliutazama uso wake kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kusikia. Wa kwanza, alitikisa kichwa kukubali. Wa pili, vidole vyake vikaanza kupalilia juu ya goti. Wa tatu, alisikiliza akiwa ametulia, na ghafla uso wake ukasimama, kama mtu aliyeitwa na kukuta hakuna mtu.

"Umeishia pale mtoto anaambiwa baba yuko njiani," alisema. "Hajafika."

Kaka yangu alikuja saa kumi na moja, amelowa. Tulimweleza. Alitaka kumpa moyo, akasema wimbo nusu ni bora kuliko kanda iliyotafunwa. Mama alimwambia, "Wewe nenda nao. Mtoto akiuliza, mwambie mvua ilikuja."

Siku mbili baadaye fundi kutoka Embu aliifungua kompyuta. Alinionyesha kipande cha ndani kilichokuwa kimegeuka kuwa cheusi, karibu na mahali ule waya mnene ulipokuwa umefungwa. Nilimuuliza, kidude kingekuwa bado kimeunganishwa, kingepona? Alisema huenda ndiyo, huenda la, umeme wa radi haueleweki. Jibu hilo halikunipunguzia kitu. Mpaka leo sijui kama Mama aliuharibu wimbo mmoja au aliziokoa mbili na nusu. Najua tu kwamba nilikuwa nimemfundisha utaratibu wote wa kuchomoa waya vizuri, bila kumuuliza yeye nyaya zilikuwa zimemfundisha nini.

Mwalimu mstaafu alinung'unika zaidi kuhusu alama za viatu sakafuni kuliko kuhusu mashine.

Mama alipasuliwa, akaamka, na kwa siku nne akanong'ona. Sauti iliyorudi ilikuwa ya chini, yenye mchanga ndani yake. Ilitosha kuita kuku, kusalimu watu, kunikaripia. Haikupanda tena mahali wimbo wa kubembeleza unapopanda. Alirudi kwenye kwaya na kusimama mstari wa nyuma, na mwingine akawa anaanzisha.

Mtoto alizaliwa. Kaka yangu alipopiga simu kwa jirani yetu mwenye simu, tulikwenda wote, na Mama akashika mkono wa simu kwa mikono miwili. Hakuanza na salamu. Aliuliza kwa ile sauti yake mpya, "Kale karedio bado kanafunguka?"

Kaka yangu alisema kanafunguka. Alisema mtoto huwa amelala kabla ya kufika pale unapokatika.

"Na ukitaka kuongeza nyimbo zingine?"

"Siongezi, Mama. Sijakiunganisha na kompyuta yoyote tangu siku ile. Naogopa."

Mama aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuwa akionekana. "Uogope hivyo hivyo," alisema.