Kamera Ndogo na Maua ya Mpaka

Kaka yangu mkubwa hapendi kamera yangu. Mimi nami simpendi kaka yangu, kwa hiyo hapo tumetoshana.

Niliinunua Nyeri mjini, kwa mama mmoja anayeuza redio, pasi na simu za mitumba. Ni ndogo, inaingia mfukoni mwa aproni, na kifuniko cha betri nimekishikilia kwa plasta ya kidonda. Watu huniuliza kwa nini situmii simu kama binadamu wengine. Simu yangu ikisogezwa karibu na ua huchanganyikiwa, ikapiga majani ya nyuma. Kamera hii ina kitufe chenye alama ya ua. Ukikibonyeza unaweza kusogea hadi lenzi ikaribie kugusa umande, na kila kilicho nyuma kinayeyuka kuwa ukungu wa kijani. Hicho ndicho nilichokitaka. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, na nilikuwa nimechoka na vitu vilivyo nyuma.

Ilikuja na kijitabu cha maelekezo kinachofundisha kupiga picha msituni wakati theluji inapoyeyuka na maua kuanza kutokeza. Theluji yetu iko juu ya mlima na haijawahi kushuka kutujulia hali. Huku kwetu, mlimani juu ya Othaya, maua huja na mvua ndefu. Siku za kwanza za mvua hiyo nilikuwa navaa gambuti, nafunga kamera kwa karatasi ya nailoni, nalala kifudifudi kwenye matope kupiga uyoga mdogo kuliko kifungo cha shati.

Msitu wenyewe si mkubwa. Ni kipande cha mteremko kati ya chai ya kaka yangu na kijito, ambacho mama alikataa kifyekwe maisha yake yote. Kabla hajafa alinipeleka ukingoni akanionyesha safu ya maua. Alisema kuanzia hapo kwenda chini ni kwangu, na nisikubali mtu akate. Hakuandika popote. Kwetu mpaka haukuandikwa, ulipandwa. Ulipandwa itoka, yungiyungi jeupe lenye mistari ya waridi na kitunguu kizito kilichozama ardhini, na tangu zamani iliaminika kwamba anayeling'oa analeta laana kwake na kwa watoto wake. Safu ya mama haikunyooka. Ilifika kwenye muiri mkubwa, mti mzee kuliko sisi sote, ikauzunguka kwa juu, na muiri ukabaki upande wangu.

Kaka yangu ni mzee wa kanisa, na mambo ya laana anayaita ushenzi wa mababu. Alichokitaka ni muiri. Mnunuzi wa mbao kutoka Sagana alishafika mara mbili, akaupiga makofi kama mtu anayenunua ng'ombe, akaondoka akisema atarudi na lori.

"Ati unapiga nini huko ndani kila siku?" kaka aliniuliza asubuhi moja, akiwa amesimama kwenye chai yake.

"Maua."

"Maua inaliwa?"

Wiki hiyohiyo alieneza habari kwamba nawapigia mabroka wa mashamba picha. Wachuma chai waliokuwa wakinisalimu kila asubuhi wakaanza kuinamia vikapu vyao nikipita. Mmoja, ambaye nilimpa pole na sukari alipofiwa, alijifunika uso kwa leso nilipotoa kamera, nami nilikuwa napiga konokono. Nilikasirika mpaka konokono akatoka vibaya.

Mvua ya mwaka uliofuata ilipoanza, nilishuka kupiga matoka, yale maua ya mpaka, yakiwa yamefunguka. Sikuyakuta. Mahali pa safu ya mama palikuwa udongo uliosawazishwa kwa reki. Nilitembea kuteremka nikitazama chini, nikayakuta chini kabisa, karibu na kijito, majani yamelegea. Yalikuwa yamepandwa upya kwa kamba, mstari mmoja ulionyooka, nafasi sawa, jinsi chai inavyopandwa. Mkono wake niliujua papo hapo. Msitu karibu wote, muiri ukiwemo, ulikuwa sasa upande wake.

Nikaita wazee wa ukoo. Walikaa kwa kaka yangu, maana ndiye mwenye viti vingi, wakanywa chai yake na kula mkate wake, kisha wakaniambia niseme. Nilisema. Nikatoa kamera, nikaifungua kwenye picha za mwaka uliotangulia, nikampa aliyekuwa mkubwa wao. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena.

"Mama, hii ni maua, na inapendeza," alisema. "Lakini hapa ni wapi?"

"Ni juu ya muiri, mzee."

"Muiri iko wapi?"

Nilibonyeza picha inayofuata. Ua. Nyingine, ua lenye siafu. Nyingine, tone la maji kwenye ncha ya ua. Nyuma ya kila moja, ukungu wa kijani, laini, mzuri, usio na mti wala kilima wala mahali popote duniani. Nilizipitia zote, na wote walinisubiri nizipitie.

"Wazee, maua iko kila mahali," kaka alisema kwa upole wa kanisani. "Hata kwangu hapa iko."

Niliwaomba washuke wakaone udongo uliopigwa reki. Mvua ilikuwa inanyesha. Waliangalia viatu vyao, wakasema mpaka ni pale itoka lilipo, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sijawahi kuwachukia watu wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Lori lilikuja. Msumeno wa injini ulilia siku nzima, na muiri ulipoanguka vikombe vilicheza kabatini kwangu. Kaka aliniletea kuni za matawi. Nilizirudisha hadi mlangoni kwake, nikazimwaga.

Kamera ikakaa kwenye droo mpaka mvua ndefu iliporudi. Sijui kwa nini nilishuka. Kule chini karibu na kijito, matoka aliyoyahamisha yalikuwa na majani tu, hakuna hata moja lililotoa ua. Lakini kitunguu cha itoka kina watoto wanaobaki ardhini, na kaka yangu alichimba kwa haraka. Huku juu, kati ya maranda na magogo, maua meupe yalikuwa yametokeza mahali pa mama. Safu ilipanda, ikafika kwenye kisiki, ikakizunguka kwa juu.

Nililia kidogo. Kisha nikazima kitufe cha ua, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikasimama wima.

Kaka aliniona kutoka kwenye chai, akashuka na panga mkononi.

"Bado unapiga maua?"

"Leo napiga na nyuma yake," nilimwambia.

Alitazama nilikokuwa natazama. Nilimwona akiifuata safu kwa macho, ua baada ya ua, mpaka kwenye kisiki, kisha upande wa pili, ikija moja kwa moja alikosimama. Akaangalia chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelalia majani ya itoka.

Mzee wa kanisa, asiyeamini ushenzi wa mababu, aliuinua mguu huo polepole na kuushikilia hewani, akitafuta pa kuuweka. Hakupaona haraka. Nikampiga picha akiwa hivyo.

Muiri haurudi, na wazee wa ukoo sijawaita tena. Lakini picha hiyo nimeichapisha kubwa Nyeri mjini. Kila kitu kinaonekana, mbele hadi nyuma.