Mji Wenye Ziwa

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na babu yako asisikie hili. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Kigera pale Musoma, ramani ya dunia nimeitandaza mapajani. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi Kanada, nikaambiwa nichague mwenyewe kati ya miji miwili. Nikaweka kidole kwenye ule uliokuwa ukingoni mwa ziwa.

Nakueleza haya, mwanangu Nyangeta (mjukuu ndiyo, lakini nimekulea mwenyewe), kwa sababu Ijumaa unatakiwa uwajibu wale watu wa vyuo vya ng'ambo unakwenda kipi kati ya viwili, na tangu Jumapili unanionyesha picha tu kwenye simu. Maghorofa, madaraja, treni zinazopita juu ya vichwa vya watu. Ni pazuri, sikatai. Mimi sikuwa na picha, nilikuwa na rangi ya bluu kwenye ramani, ikanitosha. Mtoto wa Musoma akiona ziwa anajua kafika nyumbani. Nikajiambia nitakuwa naamka nasikia mawimbi, na nikikosa mboga nitashuka mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, kununua sato.

Shangazi alikuwa anachambua dagaa. Akauliza, "Huo mji mwingine una nini?"

"Kuna kijana mmoja wa Bunda, Magesa, na mke wake. Lakini ni mji mkavu, shangazi. Hauna hata mto wa maana."

Akaacha dagaa. "Baba yako akitaka kuhamia kambi kule kisiwani Rukuba, anaulizaga kwanza samaki? Anaulizaga nani yuko kule."

Nikacheka kimoyomoyo. Anafananisha chuo kikuu na kambi ya wavuvi, nikajisemea.

Basi nikaenda kwenye ziwa langu. Mwanangu, lile ziwa liliganda. Watu wakawa wanatembea juu yake na viatu vyao. Hilo ningelivumilia, ila kabla baridi haijaisha baba akafariki. Nikaambiwa kwa simu, na simu yenyewe ikakatika. Unajua msiba wetu ulivyo. Hujamaliza kulia, majirani wameshaingia, wanawake wanalala sakafuni na wewe, mmoja anakoroga uji, mwingine anakulazimisha unywe. Kule nilifunga mlango nikalia peke yangu. Asubuhi nikaenda darasani, mwalimu akaniuliza kwa nini sijamaliza kazi yake. Nikaamua naacha masomo, narudi nyumbani.

Aliyeniokoa ni yule Magesa. Alipata habari kutoka Bunda, akapanda basi na mkewe wakaja, safari ya siku nzima. Mkewe akatandika blanketi chini kwenye kile chumba changu kidogo, akalala pembeni yangu mpaka nikaweza kula. Alinisongea ugali wa unga sijui wa nini, mbaya kweli, nikaumaliza wote. Muhula ulipoisha nikahamia mji wao mkavu, nikamalizia huko.

Sasa wewe. Vyuo vyote viwili ni vizuri na kozi ni ile ile, kwa hiyo usinidanganye kwamba unachagua masomo. Unachagua watu. Weka hizo picha pembeni, tafuta namba za wanafunzi wa kwetu walioko kule na kule, uwapigie. Usiwaulize maghorofa. Waulize mwenzao alipougua nani alimpeleka hospitali, na wakifiwa wanafanyaje. Watakaokujibu vizuri, nenda kwao, hata mji wao ukiwa na sura mbaya. Na ukiona moyo bado unataka ule wa treni za juu, nenda, sitanuna. Ila siku hiyo hiyo ya kufika gonga mlango wa jirani ujitambulishe.

Mimi umri umeenda, miguu hii unaiona. Inawezekana ukarudi usinikute, tusifichane. Siku hiyo ikifika usiache mitihani ukimbilie ndege. Kaa na watu wako wa huko, mlie wote, wakupikie, ule, halafu urudi darasani. Nenda na baraka zangu zote, Nyangeta. Mungu akuweke mahali ambapo mtu akisikia unalia ataingia bila kupiga hodi.