Ushuhuda wa Watoto Wawili

Ushuhuda wangu niliujua kama njia ya kisimani. Kila nilipoitwa mbele kanisani hapa Juba nilisema uleule: kwamba tulipokuwa wakimbizi Uganda, mimi na mdogo wangu wa kiume tulishikwa na malaria siku moja, mama akapiga magoti, na Bwana akaniponya. Watu walipiga vigelegele. Mama, kule benchi la nyuma, aliinamisha kichwa, nami nikadhani anashukuru.

Basi nilipoingia chuo cha kanisa, ambako hata somo la uandishi huanza kwa sala, nikaona hapa ndipo pangu. Kazi ya kwanza: andika jambo ambalo Mungu amekutendea. Ha! Nilimaliza upesi, nikakunja mikono nikiwatazama wenzangu wanavyotafuna kalamu.

Mwalimu wetu, mama mmoja wa Kikenya mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinirudishia karatasi ikiwa na alama moja tu ya kuuliza pembeni.

"Mwanangu, humu wameugua watoto wawili, amepona mmoja. Yule wa pili umemwacha wapi?"

"Alifariki, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

Nilikasirika, we! Nikamwambia ushuhuda ni wa kumtukuza Mungu, si wa kuhesabu makaburi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema Mungu hahitaji tumtilie chumvi, wala tumfichie kitu; niende nyumbani nikaulize, halafu niandike upya.

Jioni hiyo nilimkuta mama nyumbani kwetu mtaa wa Malakia, akitandaza uji wa kisra juu ya bamba la moto, ile mikate myembamba anayouza sokoni. Nikamuuliza kwa ujeuri wangu wa kawaida, maana nilitaka jibu la kumnyamazishia mwalimu. "Mama, kwa nini Mungu aliniponya mimi peke yangu?"

Mkono wake ulisimama. Kisra ikaungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Si Mungu peke yake," alisema. "Zahanati ya kambini walibaki na dozi moja. Daktari akasema nikiigawa haitamponya yeyote. Wewe ulikuwa na miaka tisa, unachota maji, unabeba kuni. Yeye alikuwa na mitano. Nikakupa wewe." Akaanza kukwangua mkate ulioungua. "Khalas, yamekwisha. Sasa umejua."

Nilitaka kumkumbatia, sikumkumbatia. Nilitaka kupiga kelele pia. Mimi homa ilinifutia kila kitu, sikukumbuka vidonge wala daktari. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu, na mimi nikasimama miaka yote hiyo mbele ya kanisa nikimchoma mama yangu moyo, naye ananipigia pasi gauni la kuvaa nikienda kumchoma. Maskini mama yangu!

Niliandika upya mara tatu. Nilifuta vigelegele. Nilifuta "Bwana akaniponya", nikairudisha, nikaifuta tena. Hadi leo sijui mahali pake. Mwalimu alisema kazi imeiva, lakini nisiipeleke popote kabla mwenye habari hajaisikia. Niliogopa. Mama hajui kusoma, ningeweza kumwambia imepotea na mambo yakaisha.

Nilimsomea Jumapili mchana. Asubuhi yake kanisani nilikuwa nimeitwa mbele, na kwa mara ya kwanza nikakataa, watu wakageuka kunitazama. Mama alisikiliza, mikono mapajani, bila kunikatiza. Nikafika pale ninapomeza vidonge, nikasoma kwamba mdogo wangu alikuwa amelala. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiwekea mwenyewe, ili nipate kupumua.

"Hapo futa," mama akasema.

"Pana nini, mama?"

"Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa ubavuni kwako, anakutazama ukimeza. Ulipomaliza, akafungua mdomo, akangoja yake."

Sikuona vizuri karatasi, lakini nilifuta. Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. Mama akajipangusa uso kwa upindo wa kitenge, akaniambia nisome tena tangu mwanzo.